Mshipa wa mguuni kwa upasuaji wa moyo: unatolewaje, na kwa nini ujali?

Ninaumwa moyo. Mguu unaingiaje hapo?

Ateri zinazolisha msuli wa moyo zikiziba, daktari mpasuaji hutengeneza njia ya pembeni ili damu ipite. Hiyo ndiyo baipasi. Njia hiyo inahitaji mshipa, na unaofaa zaidi ni wa mwili wako mwenyewe. Kwanza hutumika ateri iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, maana ndiyo inayodumu kuliko mingine yote. Lakini wagonjwa wengi wameziba sehemu tatu au nne, hivyo zinazobaki huungwa kwa mshipa wa safena, unaopanda upande wa ndani wa mguu kutoka kifundo hadi kinena. René Favaloro, daktari wa Argentina, alianza kuutumia kwa baipasi mwaka 1967 akiwa Cleveland, Marekani.

Mguu hautakosa damu?

Hautakosa. Safena ni vena, kazi yake ni kurudisha damu moyoni, na mzigo mkubwa wa kazi hiyo uko kwa vena za ndani, katikati ya misuli. Mguu unaweza kuvimba wiki za mwanzo, kisha mwili huzoea. Mshipa wenyewe ukiwa umevimba na kujikunja kunja, haufai.

Unatolewa kwa njia gani?

Njia ya zamani ni mkato mmoja mrefu, pengine tangu kifundoni hadi pajani. Daktari anauona mshipa wote kwa macho na kufunga vijitawi vyake kimoja kimoja. Wengine hukata vipande vifupi vifupi na kuacha ngozi nzima katikati.

Njia ya kamera ilianza kuenea miaka ya 1990. Hapa hukatwa tundu la sentimita 2 au 3 karibu na goti, gesi ya kaboni dioksidi inaingizwa ili kupanua nafasi chini ya ngozi, halafu kamera nyembamba inafuata mshipa huku kifaa kingine kikikata na kuchoma vijitawi. Ukiangalia mguu baadaye unaona makovu mawili au matatu madogo tu.

Ipi bora?

Kwa mguu, kamera: maumivu kidogo, kidonda kidogo, usaha mara chache. Swali gumu ni la mshipa wenyewe. Mwaka 2009 uchambuzi wa wagonjwa 3,000 nchini Marekani ulishtua wengi, kwani mishipa iliyotolewa kwa kamera ilionekana kuziba zaidi. Wagonjwa hao, hata hivyo, hawakuwa wamegawanywa kwa kura kuamua nani apate njia ipi, hivyo huenda makundi mawili hayakufanana tangu mwanzo. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya utafiti uliowagawa kwa kura wagonjwa 1,150 katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, na mishipa ikatolewa na watu wenye uzoefu tu. Waliokufa, waliopata shambulio la moyo au waliohitaji kuzibuliwa tena walikuwa asilimia 13.9 kwa kamera na 15.5 kwa mkato, tofauti isiyotosha kusema njia moja inaipita nyingine. Maambukizi ya mguu yalikuwa asilimia 1.4 dhidi ya 3.1.

Mimi nasoma hivi: kamera ni nzuri ikiwa mikononi mwa aliyeizoea. Ndani ya mshipa mna utando laini mno unaozuia damu isigande. Mshipa ukivutwa, ukibanwa kwa koleo, au ukijazwa maji kwa sirinji kwa nguvu mpaka ukatuna ili kutafuta panapovuja, utando huo huchubuka. Kwa nje utauona mzima kabisa. Madhara yatajitokeza baadaye, ukiwa tayari uko moyoni na damu imeanza kuganda ndani yake.

Nimesikia kuna njia ya kuutoa na mafuta yake.

Ndiyo, ilibuniwa Örebro, Uswidi. Mshipa hutolewa ukiwa umevikwa mafuta yanayouzunguka, bila kuguswa wala kujazwa maji kwa nguvu. Tafiti kadhaa zimeonyesha unabaki wazi kwa muda mrefu zaidi, nyingine hazikuona tofauti kubwa. Gharama yake ni mguu: vidonda huchelewa kupona zaidi. Kwa mwenye kisukari, mnene sana au mvutaji sigara, hilo si jambo dogo, kwani hao ndio vidonda vyao husumbua hata kwa njia ya kawaida.

Nimuulize nini daktari?

Muulize nani atatoa mshipa, maana mara nyingi si yule anayeshona moyo. Amefanya mara ngapi? Anatumia njia gani, na kwa nini inakufaa wewe? Mwambie kama una kisukari au uliwahi kupata damu kuganda mguuni. Daktari mzuri hachukizwi na maswali haya.

Nikirudi nyumbani?

Ukikaa, inua mguu. Tembea kila siku kama ulivyoelekezwa. Ganzi upande wa ndani wa mguu, kuelekea kifundoni, ni ya kawaida, kwa sababu neva hupita bega kwa bega na mshipa huo, na kwa wengi hupungua. Usiache aspirini wala dawa ya kolesteroli bila daktari kukuambia, kwani ndizo zinazolinda mshipa mpya usizibe.

Rudi hospitali mara moja ukiona wekundu unaosambaa, usaha, mshono kuachia au homa. Shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikikubana, usisubiri kuche.