Dola 25 zako na riba anayolipa mama wa sokoni

Binamu yangu anayeishi Minnesota alinipigia simu akiwa na furaha tele. Ameweka dola 25 Kiva, mtandao ambako watu wa kawaida huwakopesha wafanyabiashara wadogo, yeye hachukui riba hata senti, kwa hiyo mama mmoja muuza mboga huko Kenya anakopa bure. Nilimwambia nusu ya maneno yake ni kweli.

Kiva ilianzishwa mwaka 2005 San Francisco, na mikopo yake ya kwanza ilikwenda kwa wafanyabiashara 7 wa Tororo, Uganda. Mtoa fedha kweli halipwi riba. Lakini mikopo mingi hupitia taasisi ya mikopo iliyopo hukohuko, na taasisi hiyo humtoza mkopaji riba. Mara nyingi mama huwa ameshapokea fedha kabla hujaiona picha yake mtandaoni. Dola zako zinaziba pengo lililobaki kwenye mfuko wa taasisi.

Riba hiyo ina sababu. Nilikuwa afisa mikopo Mwanza kwa miaka 9. Mkopo wa shilingi laki mbili ulinitoa ofisini mara zilezile kama wa milioni tano: kuliona genge la mkopaji, kukaa na kikundi, kufuatilia marejesho. Nauli na mshahara wangu vililipwa na riba.

Kinachoniumiza ni namna ya kuihesabu. Chukua mkopo wa milioni moja kwa miezi 10, riba asilimia 3 kwa mwezi. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, mama akipunguza laki moja kila mwezi, riba yote ni 165,000. Ikihesabiwa juu ya milioni ileile hadi mwezi wa mwisho, wakati ameshaimaliza karibu yote, atalipa 300,000. Karatasi zote mbili zimeandikwa asilimia 3! Hiyo ya pili, kwa hesabu ya kweli, inapita asilimia 5 kwa mwezi. Na kama laki moja ilizuiwa kuwa akiba ya lazima siku ya kuchukua mkopo, inapanda zaidi. Nimewaona akina mama wakikopa kwingine ili wapeleke marejesho ya Jumatano. Mikopo ya namna hiyo mtaani tunaiita kausha damu, na jina hilo halikutungwa na wachumi.

Hata wawekezaji wakubwa wamewahi kuifumbia macho riba kubwa. Compartamos, benki ya mikopo midogo ya Mexico, ilipouza hisa sokoni mwaka 2007, wenye hisa wa mwanzo walivuna mamia ya mamilioni ya dola, huku wakopaji wakitozwa zaidi ya asilimia 80 kwa mwaka. Na tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, hazikukuta mikopo midogo ya aina hii ikiwatoa watu kwenye umaskini kwa wingi. Inamsaidia mtu kupanga fedha zake na kukuza biashara aliyonayo. Mimi naona hilo linatosha kuweka fedha, mradi gharama iwe ya haki.

Kwa hiyo nilimwomba binamu aache picha ya mama kwanza, afungue ukurasa wa taasisi, atafute gharama ya wastani anayobeba mkopaji, kisha ailinganishe na taasisi nyingine za nchi ileile. Aliisoma kwa sauti, akanyamaza. Marejesho yake yakirudi, anasema, dola hizo 25 zitapitia taasisi nyingine.