Jaketi zito sio dawa ya baridi ya Arusha

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane swali ninaloulizwa kwenye cherehani ni moja tu, fundi nitafutie jaketi zito. Ikifika mwezi wa kwanza walewale wanarudi wanataka jepesi, au ndo wameshaamua kupanda pikipiki zao za Boksa na tisheti maana joto la Moshi halina utani. Mi kazi yangu ni majaketi ya pikipiki, ya ngozi na ya nailoni, nabadilisha zipu, narudishia padi, yani vile vipande vya ndani vya kukinga kiwiko, bega na mgongo, yaliyoanguka nayafumua nayashona upya, kwa hiyo nayajua kwa ndani kuliko kwa nje. Na msimamo wangu ni kwamba kwa sisi wa huku jaketi la joto na jaketi la baridi liwe ni hilohilo moja, tena lichague kwa ajili ya joto, baridi utaivalia vitu vingine.

Angalia barabara zetu zenyewe. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukishuka mpaka uwanja wa ndege wa KIA uko chini ya 900, na kwa kawaida kila mita 1,000 unazoshuka hewa inaongezeka joto kama nyuzijoto 6 na nusu, yani ni saa moja hivi ya kuendesha na tayari umeshabadilishiwa hali ya hewa hata kabla jua halijapanda. Ya Namanga ndo usiseme, unatoka Ngaramtoni na ukungu, Oldonyo Sambu upepo unakupiga ubavuni mpaka pikipiki inahama mstari, afu unashukia Longido jua na vumbi, sasa na lile koti lako zito unafanyaje? Unalivua, unalifunga kwenye keria na mpira, unaendelea na tisheti. Ugomvi wangu na jaketi zito ni huo tu, linavuliwa, na likishavuliwa halina tofauti na lililobaki nyumbani.

Afu kinachotutesa huku mara nyingi sio baridi yenyewe, ni upepo. Asubuhi ya nyuzijoto 10 ukiendesha spidi 80 mwili unaisikia kama 4 hivi. Wale madereva wa toyo, yani bodaboda, wanaogeuza koti, mgongo unakuwa mbele zipu inakuwa nyuma, watu wanawacheka lakini wanajua wanachofanya, wameziba kifua na hakuna zipu ya kupitisha upepo, wengine wanapachika na gazeti ndani na linasaidia kweli. Shida yake ni kwamba mkono wa koti umekatwa ufuate kiwiko kinavyokunja kwenda mbele, ukiligeuza linakubana kwapani ukikata kona, na ukianguka mgongo wote uko wazi. Ukitaka faida ileile bila hayo, tafuta kile kijaketi chembamba cha kuzuia upepo, kinachokunjika kikaingia mfukoni, ukivae chini ya jaketi la pikipiki. Shingo uifunge, mkono wa glovu upite juu ya mkono wa jaketi ili upepo usiingie kwa huko. Ndani kabisa usivae pamba kama unapita joto ukielekea baridi, pamba inashika jasho, ukianza kupanda Marangu jioni ile fulana mbichi inakugandisha. Sufu nyembamba au ile fulana ya jezi inakauka haraka zaidi.

Sasa twende kwenye jaketi lenyewe. Yanayoletwa kwangu baada ya ajali yamechanika sehemu zilezile karibu kila mara: kiwiko, bega, na pembeni ya nyonga. Kifuani mara nyingi pazima kabisa. Ndo maana siogopi jaketi la wavu, lile la vitundu vinavyopitisha hewa, ilimradi wavu uwe kifuani, mgongoni katikati na upande wa ndani wa mkono, huku kiwiko na bega pawe na ngozi au kitambaa kigumu. Likiwa wavu mpaka kwenye kiwiko lirudishe. Kwenye lebo utakutana na kitu kama Cordura 500D, ambayo ni nailoni ngumu, au polista 600D, hiyo D ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, namba ikiwa kubwa uzi ni mnene, ila usidanganyike na namba peke yake kwa sababu nailoni nzuri ya 500 inaweza kuvumilia msuguano kuliko polista ya 600. Yale majaketi ya kujaa kama mito, ambayo kila belo la mitumba linayo, yanatunza joto vizuri sana lakini kitambaa chake kwenye lami kinaisha fasta na kinaweza kuyeyuka kikashika kwenye ngozi yako. Vaa ukiwa unatembea Clock Tower, sio kwenye pikipiki.

Ukiwa sokoni, iwe Kilombero au Memorial kule Moshi, fanya hivi. Shika mshono wa bega kwa mikono miwili, vuta pande mbili kwa nguvu kidogo, afu tazama katikati. Ukiona uzi umekenua meno, yani unauona umekaa wazi kati ya vitambaa viwili, huo mshono ni wa jaketi la kupendezea, ukianguka unafumuka kabla kitambaa hakijachanika. Jaketi la pikipiki la kweli lina mistari miwili au mitatu, na mmoja umefichwa ndani ambako lami haiufikii. Geuza na mkono, angalia bitana ya kiwiko, kama kuna uzi wa rangi tofauti ujue limeshaanguka likashonwa. Hilo sio la kutupa, we pima tu kama fundi alipita mlemle kwenye mshono au alibandika kiraka juujuu.

Lebo nayo uisome. Ya Ulaya ya miaka ya karibuni ina alama ya mtu kwenye pikipiki na maandishi EN 17092, ndo kiwango chao cha nguo za pikipiki, halafu herufi. AAA ndo inastahimili msuguano zaidi, inafuata AA, afu A. B haina padi, na C ni ile nguo ya kubebea padi tu, msuguano haiuzuii. Kwa Arusha–Moshi mimi AA inanitosha, AAA mara nyingi ni zito na la moto na tunarudi palepale kwenye kulivua.

Padi zitoe uziangalie zenyewe. Zina namba EN 1621-1, na level 1 au level 2: kwenye kipimo level 1 inaruhusu nguvu inayopita iwe wastani usiozidi kilonyutoni 35, level 2 ni 20, kwa hiyo kama mfuko unaingia bila kubana nunua 2. Kuna kialama kingine watu hawakijui kabisa, T+ na T-. T+ maana yake padi ilipimwa na kwenye nyuzijoto 40, T- ilipimwa kwenye 10 chini ya sifuri, na kwa sababu padi nyingi laini zinabadilika kwa joto mi naitafuta T+ kwanza, mtu wa Moshi hiyo T- ataifanyia nini. Ya mgongoni ibonyeze kwa kidole, majaketi mengi hata ya bei yanauzwa na kipande cha sponji tu pale.

Halafu livae, kaa kwenye pikipiki iliyosimama, shika usukani. Juzi kijana kaja amelishika lake, "shikamoo fundi, nipunguzie mikono, mirefu." Nikamwambia marahaba, panda kwanza kwenye pikipiki yako hapo nje. Kapanda, kashika usukani, mkono ukapanda mpaka kwenye kifundo, pale pale ulipotakiwa kuwa. Ukiwa umekaa hivyo kamata padi ya kiwiko ujaribu kuizungusha, ikizunguka mpaka pembeni jaketi ni kubwa kwako au kamba za mkono hazijakazwa. Ila bakiza nafasi ya kile kijaketi cha upepo na sweta moja jepesi, basi.

Ngozi bado ndo mfalme kwa kuburuzwa, sibishani na mtu. Ila ya pikipiki ina unene wa milimita 1.2 mpaka 1.4 hivi, ile ya mitindo ni kama nusu yake. Na rekisini sio ngozi, chungulia kwenye mshono wa ndani, ukiona nyuma yake kuna kitambaa kilichofumwa achana nalo, jua letu litalipasua. Lingine la ngozi ni joto, kwa anayeshinda Moshi mjini foleni na foleni simshauri.

Kwenye joto lenyewe, wavu ukiwa unatembea unatosha. Kama jaketi ni la matundu ya zipu fungua ya mbele NA ya mgongoni, watu wanafungua ya mbele tu na hewa haina pa kutokea. Njia kavu kama ya Makuyuni kwenda Mto wa Mbu lowesha fulana, kamua, vaa jaketi juu, maji yakikauka yanakupoza.

Mvua ya masika ndo ina kaugomvi. Majaketi mengi yanayoandikwa hayapitishi maji, hata yenye utando wa Gore-Tex, utando umening'inizwa ndani kama bitana, kwa hiyo we hulowi lakini kitambaa cha nje kinanyonya maji, kinakuwa kizito na upepo ukikipiga unatetemeka. Mi navaa koti la mvua juu ya kila kitu, saizi moja juu ya ninayovaa siku zote. Na la ngozi likilowa lining'inize kivulini penye upepo, usilianike juani wala karibu na jiko la mkaa, mafuta yakishaisha ngozi inakatika kwenye mikunjo na hapo hata kwangu usilete, nikishona leo pembeni ya mshono panachanika kesho.