Kibubu, mwezi mkubwa na uongo tunaoambiwa kuhusu malengo

Jirani yangu hapa Kirumba, Mwanza, ni mama mchuuzi wa dagaa. Hununua mwaloni alfajiri, huanika, huuza wakavu. Januari alinunua kibubu cha bati akaapa kutia shilingi 3,000 kila siku, mpaka zifike za kutengeneza vichanja vyake mwenyewe, aache kuanika mchangani. Kabla mwezi haujaisha nilimkuta uani anakipasua kwa kisu. "Mwanangu, mimi sina nidhamu," akaniambia.

Nilimuuliza jambo moja tu: wiki hiyo mwezi ulikuwaje? Ulikuwa mzima, unawaka. Na mtu yeyote wa ziwani anajua maana yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, taa ya mtumbwi haina cha kuwavutia, wavuvi wengi hulala nyumbani, na mchuuzi hana cha kununua. Lengo lake lilidai pesa kila siku kutoka kwenye kazi isiyotoa pesa kila siku. Nidhamu ilisingiziwa tu.

Tulipiga hesabu pale pale. Shilingi 3,000 kwa siku 30 ni 90,000. Akihesabu siku 20 za giza peke yake, ni 4,500 kwa siku, na jumla ni ile ile 90,000. Tofauti ni kwamba siku za mwezi mkubwa hana deni na kibubu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiziangalia kwa jicho la pili kauli tunazolishwa kila Januari kwenye semina na kwenye stetasi za WhatsApp. Nyingine zina chembe ya ukweli. Nyingine hazina hata hiyo.

Inayotamba kuliko zote ni ile ya siku 21: fanya jambo kwa siku 21 mfululizo, litakuwa tabia. Chanzo chake hutajwa kuwa Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Hakuwa anazungumzia kuweka akiba wala kukimbia asubuhi, na lile neno "angalau" limedondoka njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipolipima jambo lenyewe, kwa watu 96 waliojaribu kuzoea kitendo kimoja cha kila siku kama kunywa maji au kufanya mazoezi, waliona muda wa kati ni siku 66. Wepesi walihitaji 18. Kwa wazito, makadirio yalifika 254. Na hili ndilo ningependa lisambazwe kwenye stetasi: kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mama yangu wa dagaa alipasua kibubu kwa sababu aliamini siku moja ikikatika, yote yamekatika.

Ya pili nilikuwa nikiirudia mwenyewe, kwa aibu nakiri. Eti wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953 waliulizwa kama wameandika malengo yao. Asilimia 3 walikuwa wameandika, na miaka 20 baadaye hao wachache walikuwa na mali kuliko wengine wote wakijumlishwa. Hadithi tamu. Yale wenyewe wamesema utafiti huo haukufanyika. Kuandika si kubaya, lakini kalamu haina uchawi. Kinachosaidia ni kile unacholazimika kukiamua unapoandika. Edwin Locke na Gary Latham, waliochunguza malengo kwa miongo kadhaa, waligundua kwamba lengo mahsusi na gumu kiasi huzaa kazi bora kuliko "nitajitahidi niwezavyo". "Mwaka huu nataka maendeleo" ni dua. "Vichanja viwili kabla ya mvua za Machi" ni lengo.

Halafu kuna ile ya kufumba macho ujione umeshafika. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Kijerumani, amefuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja wa 1991, wanawake 25 waliokuwa wakipunguza uzito waliulizwa wanavyowaza. Walioamini kwamba wataweza walipungua zaidi. Lakini waliojichorea ndoto tamu za wembamba wao walipungua kidogo kuliko wenzao. Imani na ndoto si kitu kimoja. Ndoto humlipa mtu kabla hajafanya kazi. Dawa anayoipendekeza ni kuweka ndoto na kizuizi bega kwa bega: nataka vichanja, na kinachonizuia ni nini hasa? Hapa kwetu jibu mara nyingi lina jina. Mbalamwezi. Mvua ya ghafla inayolowesha dagaa mpaka wauzwe kwa bei ya chakula cha kuku. Ada. Msiba wa ukoo.

Kizuizi kikishapata jina, kinaweza kupangiwa. Peter Gollwitzer, naye Mjerumani, alionyesha nguvu ya sentensi fupi: "ikitokea hivi, nitafanya hivi." Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94, na waliopanga hivyo walifikia malengo kwa kiwango kikubwa kuliko waliokuwa na nia tu. Unaamua ukiwa umetulia, ili siku ya joto la kichwa usianze kujadiliana na nafsi.

Kuhusu kutangaza au kuficha, watu hubishana sana na pande zote mbili hukosea kidogo. Kutamba kwamba utakuwa mfanyabiashara mkubwa kunaweza kukushibisha bure, watu wakishakusifu unajiona umekuwa. Ila kutoa hesabu ya ulichokwisha kufanya ni jambo jingine. Uchambuzi wa tafiti 138 uliotoka 2016 ulionyesha kwamba kufuatilia maendeleo husaidia, na husaidia zaidi yakiandikwa au yakisemwa mbele za watu. Wanakikoba, wale wa vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wamelijua hili bila chuo kikuu. Vikundi vingi huwa na sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Jaribu kulipasua hilo kwa kisu.

Basi mama aliingia kikundi kinachokutana kila Jumamosi, akaomba hisa zake azinunue wiki za giza. Kwenye daftari la mauzo aliandika mistari miwili. Mwezi ukiwa mkubwa, nauza maandazi, sitii akiba. Mvua ikinyesha nimeanika, nauza wabichi siku hiyo hiyo hata kwa hasara.

Juzi usiku mwezi ulikuwa mzima na ziwani hapakuwa na taa hata moja. Nilimkuta barazani anakanda unga. Kichanja cha kwanza kimeegemea ukuta, bado hakijapata wavu. Na kile kibubu anatunzia hiliki.