Diski Tupu ni Nini, na Ipi Inafaa kwa Video ya Nyumbani?

Diski tupu ni diski iliyotoka kiwandani bila picha wala sauti, lakini ikiwa tayari imewekewa tabaka linaloweza kuandikwa kwa mwanga wa leza. Ndani ya plastiki hiyo yenye unene wa milimita 1.2 mna mfereji mwembamba unaozunguka kutoka katikati hadi ukingoni, nao umepakwa rangi maalumu ambayo ikipigwa na leza hubadilika isirudi tena hali yake ya mwanzo; ndiyo maana tunasema kuchoma diski. Igeuze DVD iliyochomwa nusu, uiinamishe kwenye mwanga, nawe utaona duara la ndani lenye weusi tofauti kidogo na sehemu ya nje. Hapo ndipo harusi uliyoirekodi ilipoishia.

Herufi R kwenye jina la diski, kama DVD-R, huonyesha kwamba diski huandikwa mara moja tu. RW, ambayo badala ya rangi ina mchanganyiko wa metali, hufutwa na kuandikwa upya hata mara elfu moja, na wapo wanaoiona bora kwa sababu hiyo hiyo. Kwa kumbukumbu za familia sikubaliani nao hata kidogo: kinachofutika kwa makusudi hufutika pia kwa bahati mbaya, na zaidi ya hayo RW huakisi mwanga hafifu, hivyo deki nyingi za zamani hushindwa kuisoma. Itumie kwa majaribio ya uhariri, kisha nakala ya kuhifadhi uichome kwenye R.

Tofauti ya DVD-R na DVD+R ilitokana na ushindani wa makampuni, na deki za miaka ya karibuni husoma zote mbili. Kama deki ya wazee nyumbani ni ya zamani sana, chagua yenye kistari, yaani DVD-R.

Kuhusu ujazo, DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7, ingawa kompyuta nyingi huonyesha takriban 4.38 kwa kuwa huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Nafasi hiyo inatosha kama saa moja ya video yenye ubora wa juu, au saa mbili za ubora wa wastani. Anayeshindilia mkanda mzima wa saa sita kwenye diski moja atapata nyuso zilizogeuka vijiboksi kila watu wanapoinuka kucheza, ilhali angeweza kuugawa kwenye diski tatu.

Ukimaliza kurekodi kwa deki ya kurekodia, hakikisha umeifunga diski kwa amri iliyomo kwenye menyu, kwani isipofungwa huenda isichezwe kwenye deki nyingine. Usibandike karatasi juu yake, maana huvuruga mzunguko. Andika jina kwa kalamu laini ya wino wa maji, kisha uisimamishe ndani ya kasha lake, mbali na jua, joto na unyevu, ambavyo huiharibu ile rangi.