Tuzo za Dolly Parton: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Wapenzi wa muziki wa kantri nchini Kenya, ambako nyimbo za Nashville zimepigwa redioni kwa miongo mingi, hawahitaji kuelezwa Dolly Parton ni nani. Binti huyu wa Kaunti ya Sevier, jimbo la Tennessee, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1946 akiwa wa nne kati ya watoto kumi na wawili, anajulikana kwa sauti yake hata na wasioijua sura yake. Kinachohitaji maelezo ni tuzo zake. Zimetajwa mara nyingi na kwa haraka mno, hata baadhi ya heshima ambazo hakuzipata zimehesabiwa kuwa zake, huku zile alizozitolea jasho zikipitwa bila kutajwa.

Dhana iliyoenea kuliko zote inahusu wimbo "I Will Always Love You". Wapo wanaoamini kwamba ni wimbo wa Whitney Houston, na wapo wanaojua mtunzi ni nani lakini wakadhani kwamba Grammy ya Rekodi Bora ya Mwaka, iliyotolewa mwaka 1994, ilikuwa pia ya Dolly Parton. Ukweli ni kwamba Dolly aliutunga mwaka 1973, alipokuwa akijiandaa kuondoka katika kipindi cha televisheni cha mwimbaji wa kantri Porter Wagoner, alichokuwa amekitumikia tangu mwaka 1967, na aliutunga ili amuage kwa heshima mtu aliyemfungulia mlango. Ulitoka mwaka 1974 ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri ya Billboard. Alipourekodi upya mwaka 1982, ukarudi nafasi ile ile. Whitney Houston aliuimba mwaka 1992 na kuuweka kileleni mwa chati kuu ya Marekani kwa wiki 14. Lakini tuzo ya Rekodi Bora huenda kwa aliyeimba na aliyetayarisha rekodi, wala si kwa mtunzi. Dolly alichopata ni mirabaha, na aliipata kwa sababu miaka mingi kabla alikuwa amekataa kutoa nusu ya haki za wimbo huo pale upande wa Elvis Presley ulipoweka sharti hilo ili Elvis aurekodi. Amesimulia kwamba alilia usiku ule. Kwangu mimi, uamuzi ule wa mwanamke kijana, katika biashara iliyotawaliwa na wanaume, unaeleza mengi kumhusu kuliko kikombe chochote.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hesabu ya Grammy, ambayo mara hutajwa kuwa 10, mara kuwa 11, kana kwamba mmoja wa wanaohesabu anakosea. Wote wako sahihi. Ameshinda 10 za ushindani, na mwaka 2011 akapewa ile ya heshima kwa mchango wa maisha yote, ambayo haishindaniwi. Jambo linalosahaulika ni muundo wa zile 10. Tano alizishinda peke yake, kuanzia ya "Here You Come Again" aliyokabidhiwa mwaka 1979, na tano kwa kushirikiana na wengine, wakiwamo Linda Ronstadt na Emmylou Harris. "Jolene", ambao wengi huapa kuwa ulishinda mara tu ulipotoka, uliteuliwa miaka ya 1970 na haukushinda. Ushindi wake ulikuja mwaka 2017, katika rekodi mpya aliyoifanya na kundi la Pentatonix.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba, kati ya Grammy hizo 10, ni moja tu iliyotolewa kwa utunzi: ile ya Wimbo Bora wa Kantri, aliyoipata mwaka 1982 kwa "9 to 5", wimbo ambao mdundo wake aliupata kwa kugonganisha kucha zake za bandia akiwa kwenye upigaji wa filamu. Zilizobaki ni za uimbaji, na moja ni ya albamu bora ya bluegrass, muziki wa ala za nyuzi ulio karibu na kantri. Hata hiyo "Here You Come Again" iliyomfungulia ukurasa wa Grammy ilitungwa na watu wengine. Anayemjua kama mwimbaji aliyependeza kwa nywele na mavazi anaweza kuridhika na hesabu hiyo. Anayezijua nyimbo zake hawezi, na ndiyo maana huona uzito katika heshima zisizotajwa sana: Ukumbi wa Mashuhuri wa Watunzi wa Nyimbo uliompokea mwaka 2001, kisha mwaka 2007 ukampa tuzo ya Johnny Mercer, iliyo ya juu kabisa kwa watunzi.

Husemwa pia kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kutangazwa Mtumbuizaji Bora wa Mwaka na Chama cha Muziki wa Kantri. Aliyetangulia ni Loretta Lynn, mwaka 1972, na si haki kumpokonya nafasi hiyo. Dolly aliipata mwaka 1978, baada ya kuwa Mwimbaji Bora wa Kike mwaka 1975 na 1976. Mwaka huo wa 1978 unajibu dhana nyingine, ile ya kwamba watu wa kantri walimtenga alipoanza kuimba kwa mtindo wa pop. Manung'uniko yalikuwapo, lakini chama kilimpa tuzo yake kubwa kuliko zote wakati huo huo manung'uniko yakiendelea, na mwaka 1999 akaingia katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Muziki wa Kantri.

Kuhusu Oscar, nyimbo zake mbili ziliteuliwa, "9 to 5" na baadaye "Travelin' Thru", na hakuna iliyoshinda. Sanamu ya Oscar aliyopewa mwaka 2025 ni ya Jean Hersholt, inayotolewa kwa matendo ya utu. Kwa hiyo wanaosema ana Oscar hawadanganyi, ila wanaosema aliipata kwa wimbo wamekosea. Emmy anayo, ya mwaka 2021, kama mmoja wa watayarishaji wa filamu ya televisheni. Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, aliteuliwa kuiwania mwaka 2009 na hakuipata.

Wengine humdhania kuwa mtu anayekimbilia kila heshima. Mwaka 2022, alipoteuliwa kuingia katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Rock and Roll, aliomba jina lake liondolewe kwa kuwa hakuona kama amestahili na hakutaka kura zigawanyike kwa ajili yake. Kura zilikuwa zimekwisha kutumwa. Alichaguliwa, akakubali, akapokewa Novemba mwaka huo, na mwaka uliofuata akatoa albamu ya rock. Nishani ya Uhuru ya Rais wa Marekani aliikosa mara mbili chini ya serikali ya Trump: mara ya kwanza mumewe alikuwa mgonjwa, mara ya pili janga la korona lilizuia safari. Serikali ya Biden ilipomfikia mwaka 2021, alisema anaogopa kuonekana anafanya siasa. Mwaka huo huo wabunge wa Tennessee walitaka kumsimamishia sanamu katika viwanja vya bunge la jimbo, naye akawasihi waondoe mswada huo, akisema kwamba kwa hali ya dunia ilivyokuwa haikufaa kumweka juu ya jukwaa la sanamu.

Sanamu anayoijali ni nyingine, iliyo mbele ya mahakama ya Sevierville, mji wa kaunti alikozaliwa, tangu mwaka 1987. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika, na kwa ajili yake Dolly alianzisha mwaka 1995 mpango wa kuwapelekea watoto wadogo vitabu bure, ambao umekwisha kugawa zaidi ya vitabu milioni 200. Amesimulia kwamba baba huyo alikuwa akipakia ndoo ya maji ya sabuni kwenye gari lake, akaenda usiku kwenye sanamu hiyo, na kusugua kinyesi cha njiwa kilichoichafua.