Saruji Si Dawa ya Ukuta wa Matumbawe

Nimeambiwa tena, safari hii na mwenye nyumba aliyekwisha kununua mifuko, kwamba nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu zinabomoka kwa sababu wazee hawakuwa na saruji. Dai hili nimekuwa nikilijibu kwa upole. Leo naomba nilijibu kwa urefu.

Nyumba hizi, nyingi zikiwa za karne ya 18, zilisimama vizazi kadhaa kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa gatini. Kuta nene za matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba: hayo yanajulikana. Kinachosahauliwa ni maji.

Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, chooni, kwenye birika la kuhifadhia maji na kwenye dari inayovuja, na unyevu huo husafiri na chumvi, kwani mawe yenyewe ni ya baharini. Plasta ya chokaa huyaachia maji yatokee usoni na kukauka. Chumvi hubaki kwenye plasta, plasta huchakaa, hubanduliwa, hupigwa nyingine. Iliwekwa ili iharibike kabla ya jiwe. Anayeiona ikipukutika akahitimisha kwamba ni dhaifu anailaumu kwa kuifanya kazi yake, na hapa ndipo subira yangu inapoisha, kwa sababu kila mtu, wakiwamo mafundi hodari, huupima ubora wa plasta kwa ugumu wake. Saruji ni ngumu, hakuna ubishi. Lakini haiyapitishi maji ipasavyo. Yakizuiwa chini hupanda juu kutafuta pa kutokea, na chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, ambako fuwele zake hukua na kuusaga uso wa jiwe. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole, utasikia mlio wa kitu kilicho tupu ndani. Siku plasta hiyo itakapoanguka, itazame mgongoni: imeondoka na ganda la matumbawe. Kisha fundi huitwa aongeze saruji, tena kwa uwiano mkali zaidi!

Rangi za plastiki zina kosa lile lile. Kuhusu boriti niseme tu kwamba ncha iliyozikwa katika ukuta usiokauka huoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Sitaki kujificha nyuma ya sheria. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006, na mji huu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini chumvi ingefanya kazi yake hata kama mji usingelindwa na yeyote.

Sasa niyaseme yanayonisumbua. Kanuni yangu kwamba plasta ipo ili iharibike inakwama mbele ya zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vyenye nakshi, kwa sababu pale nakshi imechongwa katika plasta yenyewe; ukiibandua umebandua karne ya 18. Huko hatuna budi kuutafuta kwanza mlango wa maji, kisha kuinyonya chumvi polepole kwa ukandiko wenye unyevu, na hata hivyo sijawahi kumwahidi mtu kwamba nakshi yote itabaki. Chokaa nayo ina gharama zake: hukomaa taratibu, hutaka kulindwa na jua, na tanuri lake hula kuni nyingi. Kuchimba matumbawe hai ili kuokoa nyumba ya matumbawe ni jambo nisiloweza kulitetea.

Gumu kuliko yote ni saruji iliyokwisha kupigwa. Kanuni ya vitabuni ni kuiondoa yote. Ikiwa tayari imeachana na ukuta, naiondoa bila kusita. Lakini ikiwa imeng'ang'ania jiwe zima, patasi hulivunja jiwe na kuiacha saruji. Hapo huiacha ilipo, nikaanza na bomba linalovuja na mfereji wa paa, nikafungua ukanda wa chini ya ukuta upate kupumua, na kusubiri misimu ya mvua ipite kabla ya kuigusa tena. Mwenye nyumba huona nimemchelewesha.