Luteni Jenerali na Meja Jenerali: nani mkubwa?

Wengi huamini kwamba Meja Jenerali ni mkubwa kuliko Luteni Jenerali, kwa kuwa meja humzidi luteni. Hesabu hiyo ina mantiki, ila mambo yako kinyume: Luteni Jenerali ndiye wa juu.

Neno luteni lilitoka Kifaransa, likiwa na maana ya anayeshika nafasi ya mwingine. Kwa hiyo Luteni Kanali humfuata Kanali, na Luteni Jenerali humfuata Jenerali kamili. Luteni asiye na nyongeza alikuwa msaidizi wa kapteni, ndiyo maana yuko chini kwenye ngazi za maofisa. Meja Jenerali ana historia nyingine: katika jeshi la Uingereza la karne ya 17 aliitwa Sajini Meja Jenerali, kisha “sajini”, cheo kilicho chini ya luteni, ikadondoka. Bila kulijua hilo, mtu hukosea kirahisi.

Ukitaka kuhakiki, tazama mabega. Marekani, Meja Jenerali huvaa nyota mbili, Luteni Jenerali tatu. Kwa nchi yenye alama tofauti, tafuta orodha ya vyeo iliyotolewa na jeshi lenyewe, uisome kuanzia juu.